Saa Kumi Alfajiri Pale Hanover

Nimefundisha uandishi wa programu za kompyuta kwa zaidi ya miaka 20, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mwanangu aanze na lugha gani? Mzazi huuliza akiwa na simu mkononi, tayari kupakua chochote nitakachokitaja. Zamani nilikuwa nataja jina moja na kwenda zangu. Siku hizi nami humuuliza mawili kwanza. Mtoto akikosea, atajua amekosea baada ya muda gani? Na hapo atakapokaa kujifunza, yupo wa kumwambia inuka, zamu yako imekwisha? Wapo wanaoona nimelikwepa swali lao. Maswali hayo nimeyarithi kwa walimu wawili wa hisabati wa Marekani, wote sasa marehemu, na kwa ninavyoielewa kazi hii yana uzito kuliko jina la lugha yoyote.

Walimu hao ni John Kemeny na Thomas Kurtz, wa Chuo cha Dartmouth katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire. Lugha yao inaitwa BASIC. Herufi hizo tano zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya msimbo wa maagizo kwa alama, wa kazi zote, kwa ajili ya anayeanza. Katika Kiingereza chake, anayeanza ndiye aliyetangulizwa mbele. Lugha zilizokuwepo kabla yake zilijiita kwa kazi za watu waliokwisha kubobea: FORTRAN ya mwaka 1957 ilikuwa ya kutafsiri fomula za wahandisi na wanasayansi, COBOL ilikuwa ya mahesabu ya biashara. Hii ilijitambulisha kwa mtu ambaye bado hajui kitu.

Adha ya siku zile wengi wetu hatukuiona, kwa hiyo tuitazame kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine moja kubwa ya bei ya kutisha, imefungiwa chumba cha kiyoyozi, inahudumiwa na watu maalumu. Wewe mwenye tatizo hukuigusa. Uliandika programu yako kwa mkono, ukaitoboa kwenye kadi ngumu, kila mstari kadi yake, ukafunga bunda na kulikabidhi dirishani. Bunda likapanga foleni na mabunda ya wenzako. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, ulirudi ukapewa karatasi. Kama ulisahau mkato mmoja, karatasi ilikuambia hivyo, na safari yako ikaishia hapo. Ulitoboa kadi nyingine ukaanza foleni upya.

Foleni ya Kurtz ilikuwa na treni ndani yake. Alipoajiriwa Dartmouth mwaka 1956 chuo hakikuwa na kompyuta, hivyo kila baada ya wiki mbili alibeba kadi zake akapanda treni kwenda chuo cha MIT, karibu kilomita 200, kwenye mashine ambayo vyuo vya eneo lile viliruhusiwa kuitumia. Kuna kazi moja ya takwimu aliyoiandika kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine, kwa sababu wajuzi wa wakati huo waliamini kwamba lugha nyepesi kama FORTRAN zinaipotezea kompyuta muda wake wa thamani. Alihangaika nayo kwa miezi, akateketeza kama saa nzima ya kompyuta, majibu hayakutoka. Mwishowe akaiandika upya kwa FORTRAN. Ikakubali, kwa dakika tano za kompyuta. Kurtz hakuisahau siku hiyo. Lugha iliyodharauliwa kwamba ni ya wavivu ilikuwa imeokoa muda wa mtu na muda wa mashine kwa pamoja.

Kemeny alifika kwa njia nyingine. Alizaliwa Budapest mwaka 1926, na mwaka 1940 familia yake ikakimbilia Marekani. Bado kijana mdogo alipelekwa Los Alamos, kwenye mradi wa bomu la atomiki, kukokotoa hesabu kwa mashine za kadi, watu wakipokezana zamu usiku na mchana. Baadaye alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati. Miaka mingi baada ya vita alieleza kwamba hesabu zilizowachukua wao mwaka mzima pale Los Alamos, mwanafunzi wa kawaida wa Dartmouth angeweza kuzimaliza mchana mmoja, tena huku wenzake mia wakiitumia kompyuta hiyo hiyo. Ukisoma maisha yake unaona kwamba jambo hilo halikuacha kumstaajabisha.

Wawili hawa walitazama wanafunzi wao wakafanya hesabu nyingine, ya watu. Ni robo tu ya wanafunzi wa Dartmouth waliokuwa wakisomea sayansi na uhandisi. Robo tatu zilizobaki ni za historia, uchumi, fasihi, siasa. Na hao ndio watakaokuja kuongoza kampuni na wizara, watakaoamua kompyuta itumike wapi na kwa nani. Kuwaacha wakue bila kuijua mashine hiyo kulionekana kwao ni hatari kwa nchi. Mihadhara ya kueleza kompyuta ni nini hawakuitaka. Walitaka kila mwanafunzi aandike programu kwa mkono wake mwenyewe.

Mashine ya kwanza ya chuo, LGP-30, ilifika mwaka 1959, nao wakaendelea na majaribio. Kabla yake ilikuwepo lugha yao ndogo iliyoitwa DARSIMCO, na mwaka 1962 ikaja nyingine iliyoitwa DOPE. Hazikwenda mbali. Kurtz alifikiri labda wapunguze FORTRAN, wachukue kipande chake chepesi. Kemeny alikataa: FORTRAN ina mambo ambayo ukiyapunguza bado yanamchoma mgeni. Mfano mmoja unatosha. Ukitaka mashine irudie kazi kwa namba kuanzia 1 hadi 10 kwa kuruka mbili mbili, FORTRAN inataka namba tatu zilizopangwa mstarini kwa mikato tu. Ya mwisho ni ya kikomo au ya kuruka? Aliyezoea anajua. Asiyezoea atakosea leo na kesho atakosea tena. Katika BASIC unaandika FOR I = 1 TO 10 STEP 2, na kila namba inatanguliwa na neno linaloitaja kazi yake. FORTRAN tena ilitofautisha namba nzima na namba zenye desimali, na aina ya namba ilitegemea herufi ya kwanza ya jina ulilolipa. Katika BASIC namba ilikuwa namba, basi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani ninasifu wepesi wa maneno. Wepesi ulikuwepo, na ulifanyiwa kazi: amri hazikuzidi kumi na tano hivi, na walijiwekea masharti manane, likiwemo la kwamba ujumbe wa makosa uwe wazi na wa kirafiki, na kwamba mtumiaji asilazimike kuijua mashine iliyo chini. Lakini lugha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilitokana na ushauri wa John McCarthy wa MIT, aliyemwambia Kurtz kwamba pale Dartmouth wangefaa kugawana muda wa kompyuta. Kompyuta ina kasi kuliko mtu kwa kiasi kikubwa sana. Wakati wewe unafikiria herufi inayofuata, inaweza kumhudumia mwingine na mwingine na mwingine, kisha ikarudi kwako kabla hujagundua kwamba iliondoka. Watu wengi, mashine moja, na kila mmoja anaiona kama yake peke yake.

Mashine mbili za General Electric zikafika mwanzoni mwa 1964, moja ya kupokea na kupanga maombi, nyingine ya kukokotoa. Kemeny aliiandika mwenyewe kompaila ya BASIC, yaani programu inayogeuza maneno ya mwanafunzi yakawa maagizo ya mashine. Mfumo wa kugawana muda, kazi ambayo kampuni kubwa zilikuwa zinaihangaikia, uliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hapo husimama kidogo kila ninapoisimulia habari hii darasani. Profesa aliwapa vijana mfumo wenyewe, nao wakautoa.

Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, chini ya jengo la College Hall, Kemeny na mwanafunzi mmoja walikaa kila mtu kwenye mashine yake ya kuchapia, wakaandika programu zao, wakapiga neno RUN kwa pamoja. Majibu yakarudi kwa wote wawili, na yote yalikuwa sahihi.

Hebu jaribu kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza msimu uliofuata. Mbele yako hakuna skrini. Kuna teletaipu, chombo kama taipureta nzito chenye bobini la karatasi, kinachogonga herufi kumi kwa sekunde, zote kubwa, kwa kelele za kutosha. Unaandika HELLO. Kompyuta inakuuliza namba yako, inakuuliza kazi ni mpya au ya zamani, inakuuliza jina lake, kisha inagonga neno READY: niko tayari. Kijana wa miaka 18 anaambiwa na mashine ya bei kubwa kuliko nyumba ya baba yake kwamba iko tayari, inamsubiri yeye. Anaandika mistari yake. Anapiga RUN. Baada ya muda mfupi jibu linagongwa kwenye karatasi. Akimaliza anaandika GOODBYE. Alikaribishwa kwa salamu na anaondoka kwa kuaga.

Hapakuwa na fomu ya kujaza wala ada ya saa. Kemeny alikuwa na mfano wake, maktaba yenye rafu wazi: mwanafunzi anaingia, anachukua kitabu, hakuna anayemuuliza anakitakia nini. Kompyuta nayo iwe hivyo. Wanafunzi waliandika michezo, wakacheza humo humo, na walimu hawakuona kwamba mashine inaharibiwa.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2008 nilikuwa na darasa la jioni lenye kompyuta sita kuukuu tulizopewa na ofisi iliyokuwa inanunua mpya. Nilikuwa na GW-BASIC kwenye disketi, ile iliyokuja na DOS za zamani, nikaiweka humo kwa makusudi. Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo binti aliyemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Mama yake mdogo alikuwa mweka hazina wa kikoba.

"Mwalimu, riba yetu ni asilimia kumi kwa mwezi," akaniambia. "Asiyelipa tunapandisha juu ya deni lote. Nataka kujua laki moja inakuwa ngapi kwa miezi sita."

Sikumwandikia. Nilimwacha aandike mwenyewe kwa amri alizozijua, nayo ikawa hivi:

10 LET D = 100000
20 FOR M = 1 TO 6
30 LET D = D + 1.1
40 PRINT M, D
50 NEXT M
60 END

Akapiga RUN. Zikatoka namba sita, ya kwanza 100001.1, ya mwisho 100006.6. Akazitazama. "Mbona inaongezeka shilingi moja moja?" Nikanyamaza. Aliweka kidole kwenye skrini, akakishusha mstari kwa mstari, kikasimama kwenye 30. "Aa. Ni mara, si kujumlisha." Akaandika upya mstari wa 30 peke yake, kwa sababu katika lugha hii ukirudia namba ya mstari, mpya unaufuta wa zamani. RUN tena. 110000, 121000, 133100, 146410, 161051, 177156.1. Hakusema kitu kwa muda. Kisha, polepole: "Elfu sabini na saba za juu. Na mama mdogo husema riba yetu ni ndogo."

Tangu kukosea mpaka kusahihisha haikupita dakika moja. Ilikuwa ni hitilafu ambayo kompyuta haiwezi kuikamata, kwa maana programu ilikuwa sahihi kabisa kisarufi; aliyeikamata ni yeye, kwa akili yake, kwa kuwa jibu lilimjia angali anakumbuka alichokuwa akifikiri. Mweke binti yule kwenye foleni ya kadi, umrudishie karatasi kesho kutwa. Atakuwa ameshasahau kwa nini aliandika jumlisha. Atapokea kosa kama mtu anavyopokea barua ya kukataliwa. Hii ndiyo hoja yangu yote: kilichoipendezesha BASIC kwa mamilioni ya watu ni ufupi wa njia kati ya kujaribu na kuona. Maneno mepesi yalisaidia kuifupisha njia hiyo, na kompyuta ya kugawana iliifupisha zaidi.

Zile namba za mistari nazo zina siri yake. Wengi walizichukia baadaye, lakini angalia zinavyokwenda kwa kumi kumi. Fundi cherehani mzuri huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kwa kuwa mwenye gauni anaweza kunenepa. Kati ya 30 na 40 kuna nafasi tisa za mawazo yatakayokuja. Ukiandika 35 leo jioni, mashine itauingiza mahali pake bila wewe kugusa mingine. Kwenye teletaipu, ambako hakuna skrini ya kurudi juu na kurekebisha, hiyo ilikuwa njia rahisi ya kuhariri kuliko zote. Na kwa anayeanza ilikuwa na faida ya pili: ilimwonyesha kwa macho kwamba kompyuta hufuata mpangilio, moja baada ya nyingine.

Kuenea kwake nitakupitisha haraka, maana kumesimuliwa sana. Dartmouth haikuidai dunia malipo kwa kuitumia lugha hii, na kila aliyetaka alijitengenezea ya kwake. Bill Gates aliikuta shuleni kwao Seattle mwaka 1968, kupitia teletaipu iliyounganishwa na kompyuta ya mbali kwa waya wa simu. Gazeti la Popular Electronics lilipoitangaza kompyuta ndogo ya Altair 8800, toleo la Januari 1975, yeye na Paul Allen waliiandikia BASIC, na ndipo kampuni ya Microsoft ilipoanzia. Mwaka 1977 zikaja Apple II, Commodore PET na TRS-80, kisha Uingereza ikatoa BBC Micro na ZX Spectrum. Ulikuwa ukiziwasha, kitu cha kwanza kuonekana ni BASIC ikisubiri. Mtoto aliyetaka mchezo alipewa kompyuta ambayo, kabla ya mchezo, ilimuuliza anataka kuandika nini. Magazeti na vitabu vilichapa programu nzima nzima, watoto wakazinakili kwa vidole viwili, wakakosea herufi, wakatafuta kosa. Kuna watu wa rika langu kule Ulaya ambao kazi ya maisha yao ilianzia hapo.

Kwetu haikuwa hivyo, na mwandishi wa Kiswahili hana budi kulisema. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine za kuendeshea hesabu za Hazina kuleta hasara na vurugu. Ukiutazama uamuzi ule kwa macho ya wakati wake una mantiki: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kompyuta iliyojulikana ni ile kubwa ya chumba kizima, inayohitaji mtaalamu kutoka nje. Lakini mwaka uliofuata ndipo Altair ikatoka, na ndani ya miaka michache kompyuta ikawa kitu cha kuwekwa juu ya meza ya kulia chakula. Marufuku ikalegezwa polepole. Kwa hiyo kile kipindi cha kuwasha mashine na kukutana na neno la kukukaribisha, kipindi kilicholea kizazi kizima kwingine, sisi kilitupita kwa mbali. Wengi wetu tuliikuta BASIC kwenye miaka ya 1990, vyuoni, watu wanne kwa mashine moja. Mimi mwenyewe niliianza hivyo. Mwenye bahati ndiye aliyekaa upande wa kibodi. Wengine tuliandika programu kwenye daftari tukazisoma kama shairi, tukisubiri zamu. Namfahamu zaidi ya mmoja aliyeacha, anayeamini mpaka leo kwamba hana kichwa cha kompyuta. Alichokosa ni dakika za kukaa mbele yake.

Kuna mtu mkubwa aliyeichukia lugha hii, na ni haki kumsikiliza. Edsger Dijkstra, Mholanzi, mmoja wa wanasayansi wa kompyuta walioheshimiwa kuliko wote, mwaka 1968 aliandika dhidi ya amri ya GOTO, ile inayoifanya programu iruke kutoka mstari huu kwenda ule. Mwaka 1975 akaenda mbali zaidi, akasema kwamba mwanafunzi aliyeanza na BASIC ameharibika akili, kumfundisha uandishi mzuri wa programu karibu haiwezekani.

Kuhusu GOTO alikuwa sahihi. Nimewahi kukabidhiwa programu ya mistari mia nne iliyoandikwa na mtu aliyerukaruka hivyo, na kuifuata ni kama kuelekezwa nyumba kwenye mtaa usio na majina: rudi ulikotoka, pita palepale, kisha rudi tena. Kuhusu watu, nadhani alikosea, na kosa lenyewe lina mizizi yake. Yeye aliiona programu kama uthibitisho wa hisabati, jambo la kufikiriwa mpaka mwisho kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kwa bingwa huo ni mwendo mzuri. Anayeanza hana bado kitu cha kufikiria nacho. Anakipata kwa kujaribu. Kemeny na Kurtz wenyewe waliiboresha lugha yao pale Dartmouth, wakaiongezea miundo ya kisasa ya kuifanya GOTO isihitajike. Iliyoenea duniani ilikuwa ni ile iliyobanwa ili iingie kwenye kumbukumbu finyu za kompyuta ndogo; ya Altair ilikuwa na toleo la kuenea ndani ya kilobaiti nne. Walimu wale waliiita BASIC ya Mtaani, na iliwauma. Mwaka 1985 waliandika kitabu kuieleza habari hiyo na wakatoa toleo walilolipa jina la True BASIC, BASIC ya kweli. Halikuwika. Kemeny alifariki mwaka 1992, Kurtz Novemba 2024 akiwa na miaka 96.

Leo BASIC si lugha ninayompa mwanafunzi mpya. Kazi yake imegawanywa. Watoto wadogo wana Scratch, iliyotoka MIT mwaka 2007, ambamo amri ni vipande vya rangi vinavyounganishwa kama matofali ya kuchezea. Ukikosea, vipande havishikani. Wakubwa wana Python, aliyoianzisha Guido van Rossum kule Amsterdam na kuitoa mwaka 1991, baada ya kufanya kazi kwenye lugha nyingine ya wanaoanza iliyoitwa ABC. Zote mbili naziheshimu. Python hasa ina ile tabia ya kale: unaandika mstari mmoja, inakujibu papo hapo.

Lakini kuna kitu kimerudi nyuma, nami nakiona kila muhula. Watu hubishana kama amri za programu ziwe kwa Kiswahili. Mimi sioni kwamba neno PRINT humshinda mtu. Mtoto hujifunza shupaza, uru, pao na kopa bila kuuliza yametoka lugha gani. Amri ishirini ni kama karata, unazijua kwa kuzicheza. Panapomshinda ni kwenye ujumbe wa kosa, kwa sababu huo si neno, ni maelezo, nayo huja wakati mtu ameshayumba. Mwanafunzi wangu wa Python akikosea, skrini inaweza kumjaa mistari ya Kiingereza yenye majina ya faili asizozijua, na ule mstari unaomhusu uko chini kabisa. Nimeona mtu mzima, fundi hodari wa umeme, akifunga kompyuta mbele ya ujumbe wa namna hiyo kama aliyekaripiwa hadharani. Kemeny na Kurtz waliliweka hili kati ya masharti yao manane, miaka sitini iliyopita, kwa wanafunzi ambao Kiingereza ni lugha ya mama zao. Kwa mtu wa Tandahimba au Kigoma sharti hilo lina uzito mara mbili.

Na hakuna anayeweza kusema lugha yetu haitoshi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu. Scratch yenyewe unaweza kuigeuza ikazungumza Kiswahili. Ujumbe wa makosa wa Python ni sentensi za kuhesabika. Kuzitafsiri vizuri, kwa Kiswahili cha fundi na mama lishe, kukiwa na neno la kumwonyesha mtu pa kuanzia kutazama, ni kazi ya miezi michache kwa walimu wachache wenye nia. Nimeanza na zile zinazowatokea wanafunzi wangu mara nyingi. "Mstari wa 4: umefungua mabano, hujayafunga." Nimebandika karatasi hizo ukutani, juu ya kila mashine, na maswali ya "Mwalimu njoo" yamepungua.

Jambo la pili ni gumu kuliko tafsiri, nalo ni muda wa kukaa. Shule nyingi zenye chumba cha kompyuta hukifunga kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliye na haki kabisa ya kuogopa wizi na virusi. Mwanafunzi anapata kipindi kimoja kwa wiki, wakiwa watatu kwa mashine. Hiyo ni kama dakika kumi na tatu za mikono yake kwenye kibodi, kwa wiki. Treni ya Kurtz ilikuwa ya wiki mbili, lakini akifika MIT kazi yake ilipokelewa. Hapo hakuna lugha, hata iwe nyepesi namna gani, itakayomsaidia mtoto huyo.

Yule binti wa kikoba alirudi wiki iliyofuata kabla ya wenzake, akiwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Alikuwa ameinakili programu yake yote kwa peni, na katikati, kwa wino wa rangi nyingine, ameongeza mstari mmoja:

35 IF D > 150000 THEN PRINT "MAMA MDOGO APIGE SIMU"

"Shikamoo, mwalimu. Umeona? Ile nafasi ya katikati."

Nikamwambia marahaba, nimeona, na tuanze darasa kwanza halafu atauingiza.

"Naomba dakika tano tu," akasema, na alikuwa ameshakaa.